Kabati la vioo, shelfu wazi au ukutani? Makorokoro ya zamani kwenye nyumba kuukuu

Ngoja nihesabu kwanza nilichonacho ili ujue anayeongea ni mtu wa aina gani. Karabai nne, taipureta mbili, saa ya mezani ambayo haijatembea hata dakika moja tangu niipate, cherehani ya mkono, mkono wa mbao uliokuwa unavalishwa glovu kiwandani ili zikauke zikiwa na umbo lake, kalibu ya chuma ya fundi viatu, kopo la biskuti lenye simba aliyechorwa na mtu ambaye ni wazi hajawahi kukutana na simba, alafu jino. Jino la plasta, kubwa kama kichwa cha mtoto, yale ya kufundishia wanafunzi wa meno, linafunguka katikati unaona mzizi na mishipa imepakwa nyekundu na buluu. Mke wangu vyote hivi anaviita makorokoro na mi sibishi, neno lenyewe tamu.

Sasa mwenye ugonjwa huu swali lake ni lilelile kila siku, hivi vitu vikae wapi. Njia ni tatu hivi, kabati la vioo, shelfu wazi, au ukutani, na nyingine mbili za pembeni ntazigusa huko mbele. Zote nimeshazijaribu kwenye nyumba moja, nyumba ya zamani, kuta nene, sakafu ya mbao inayoongea usiku, na ukuta mmoja ambao mvua zikianza unajua kabla ya mtabiri wa hali ya hewa. Na kitu nilichojifunza kwa kupoteza vitu ni kwamba wengi wetu tunachagua kwa macho, yaani nini kitapendeza, wakati tulitakiwa tuulize kwanza hiki kitu kinauawa na nini. Maana kila kimoja kina adui wake. Chuma adui yake unyevu, karatasi adui yake mwanga, vyombo vya fedha vinaogopa sufu (subiri, ntaeleza), na kuna plastiki za zamani ambazo adui wao ni wao wenyewe.

Kabla ya kununua shelfu wala kabati

Nunua kipima unyevu. Kidogo tu kile cha kuweka mezani. Kiache wiki mbili kwenye kila kona unayoifikiria, alafu ndo uamue. Vitu vingi vinakaa vizuri unyevu wa hewa ukiwa kati ya asilimia 40 na 60, ukipita 60 chuma kinaanza kushika kutu kwa bidii, ukipita 65 mpaka 70 ukungu unajikaribisha wenyewe. Kwenye nyumba kuukuu kona mbili za chumba kimoja zinaweza kutofautiana mpaka ukashangaa, ile iliyo kwenye ukuta wa nje ni kama chumba cha jirani. Mi nilianza na kabati nikamalizia na kipimo, ndo maana naandika haya.

Afu chukua pimamaji uweke sakafuni. Nyumba za zamani zimelala upande, hiyo usiione kama kasoro, ni umri, ila kabati refu la vioo likisimama kwenye sakafu iliyoinama linajifungua milango lenyewe na siku moja litaanguka. Weka kabari za mbao chini ya miguu na ulifunge ukutani kwa juu. Kama una watoto wanaopanda vitu hapo hakuna mjadala.

Kabati la vioo

Hili ndo kila mtu analikimbilia na sababu yake inaeleweka. Vumbi linapungua, paka haingii, mtoto wa shemeji haingii, na vitu vidogo vinapata heshima ambayo vingekuwa mezani visingeipata, yaani kijiko kilichopinda ukikiweka nyuma ya kioo kinageuka kuwa ushahidi wa jambo fulani. Heshima hiyo ina historia. Ulaya miaka ya 1500 na 1600 matajiri na wasomi walikuwa na vyumba vya maajabu, mifupa, kombe za baharini, mashine, sanamu, mamba mkavu kaning'inizwa darini, vyote pamoja, na makumbusho nyingi za leo zimetoka huko. Ashmolean ya Oxford iliyofunguliwa 1683 ilianza na mkusanyo wa watu wa namna hii, na British Museum ilianzishwa 1753 kwa mkusanyo wa daktari mmoja, Hans Sloane. Kwa hiyo ukifunga kioo mbele ya karabai yako una ukoo.

Lakini kioo kinazuia hewa pande zote mbili, vumbi haliingii ndio, na kilichomo ndani nacho hakitoki. Hapa ndo watu wanaumia bila kujua.

Nilikuwa na kitana cha zamani cha seluloidi, plastiki ya mwanzo mwanzo kabisa, kile kinachoiga gamba la kasa, nikakiweka kwenye kabati pamoja na mkasi wa nikeli na vifungo vya shaba, nikafunga, nikafurahi. Baada ya miezi kadhaa nafungua nakutana na harufu kali puani, kitana kimetoa jasho kinanata, na mkasi umeota kijani. Seluloidi ile imetengenezwa na kemikali iitwayo nitroselulosi, ilianza kuuzwa kuanzia miaka ya 1870, ikatumika kwenye vitana, mipini ya brashi, fremu za miwani, vichwa vya madoli, mipira ya tenisi ya meza, na ikizeeka inaachia gesi zenye asidi ya nitriki. Hewa ikipita zinaondoka taratibu. Ukizifungia ndani zinarudi kuila plastiki yenyewe na kila chuma kilicho jirani. Na inashika moto haraka sana, kwa hiyo isikae kabisa karibu na taa. Kitana cha seluloidi kikae wazi, peke yake, mahali pa baridi penye hewa. Hiyo ni hoja ya kwanza ya shelfu wazi dhidi ya kabati na mi sikuitegemea.

Ya pili ni kabati lenyewe. Mbao za mwaloni, na zile mbao za unga uliogandishwa kwa gundi, zinatoa mvuke wenye asidi kwa miaka. Ndani ya kabati lililofungwa mvuke huo unashambulia madini ya risasi, kwa hiyo vile visanamu vidogo vya askari wa risasi vinaota unga mweupe, na kombe za baharini na mayai ya ndege vinafanya hivohivo. Ukipaka rangi mpya ndani ya kabati ndo kabisa, liache milango wazi wiki kadhaa mpaka pua yako isisikie kitu. Kabati la chuma na vioo halina shida hii ila sura yake ni ya zahanati, ingawa kwa jino langu hilo lingefaa kabisa.

Ya tatu, sufu. Watu wanatandika kitambaa cha sufu kwenye rafu ili vitu visikwaruzike, mi pia nilitandika, kumbe sufu inatoa salfa kidogokidogo na fedha inachokitafuta ili iwe nyeusi ni salfa tu. Tandika pamba isiyo na rangi. Mpira nao hivohivo, usiweke mikanda ya mpira wala vikanyagio vya mpira kwenye rafu ya fedha.

Alafu kuna taa za ndani. Ukitaka taa weka za LED, na kifaa chake cha umeme kikae nje ya kabati, maana zile balbu za zamani zinapasha kabati mchana, usiku linapoa, na kupanda na kushuka huko kunapasua mbao na kubandua rangi kuliko joto lenyewe.

Na sakafu ya mbao. Ukipita karibu na kabati vitu vinacheza, hukioni kwa jicho ila baada ya mwezi kikombe kiko ukingoni. Usidhani ni mzimu. Mwaka 2013 kule Manchester Museum kisanamu cha Misri ya kale, Neb-Senu, urefu kama sentimita 25, kilionekana kwenye kamera kinajizungusha chenyewe mchana ndani ya kabati la kioo, watu wakasema laana ya farao, kumbe ni mtikisiko wa magari barabarani na nyayo za wageni, na kitako cha kisanamu kilikuwa kimebinuka kidogo. Dawa yake ni rahisi, vipande vidogo vya nta laini ya makumbusho chini ya kitako, unabandua baadaye bila alama. Kwa vitu vyenye rangi inayobanduka au karatasi chini usitumie.

Shelfu wazi

Mi ndo niko upande huu, nasema mapema usije ukadhani napima kwa mizani ya sonara.

Shelfu wazi inakubali kitu kishikwe. Na vitu vya zamani vya ajabu raha yake iko mkononi zaidi ya machoni, mgeni akikuta taipureta ya zamani atabonyeza tu herufi, hawezi kujizuia, na ukisikia ule mlio tak na kengele ya mwisho wa mstari chumba kizima kinageuka. Nyuma ya kioo ile taipureta ni picha tu. Pia hewa inapita, kwa hiyo chuma kwenye kona kavu kinakaa vizuri, plastiki za zamani zinapumua, na wewe unakiona kila siku, kutu ikianza unaijua wiki hiyohiyo. Hili la mwisho watu hawalipi uzito wake, kabati linafunguliwa mara mbili kwa mwaka na madhara yote yanatokea katikati ya hizo mara mbili.

Gharama yake ni vumbi, nakubali. Na vumbi sio uchafu wa kuonekana tu, linafyonza unyevu, likikaa juu ya chuma ni kama umekifunika kitambaa kibichi. Mimi nafuta kwa brashi laini ya kupakia rangi, ile ya manyoya, mkono mwingine nimeshika mdomo wa mashine ya kufyonza vumbi nimeufunga kipande cha soksi nyembamba ili kisimeze vipande vidogo, na sigusishi mdomo kwenye kitu. Kitambaa cha mvua sitaki, kinaingiza maji kwenye maungio. Saa moja kila wiki mbili inatosha kwa vitu kama hamsini. Kama hiyo saa huna, kuwa mkweli kwa nafsi yako, nunua kabati.

Gharama ya pili ni uzito, na hapa nilichekesha watu. Taipureta ya ofisini ya zamani, aina ya Underwood na wenzake wa miaka ya mwanzo ya 1900, inapita kilo 12 kirahisi. Kichwa cha cherehani ya chuma cha kutupwa ni hukohuko. Santuri ndo mbaya zaidi kwa sababu zinadanganya, moja moja nyepesi ila mita moja ya santuri zilizosimama inaweza kupita kilo 40. Nilipanga taipureta mbili na cherehani kwenye ubao mmoja mrefu ulioshikwa ncha mbili, kwa miezi mitatu ubao ulikuwa unatabasamu kwenda chini, siku ya nne ya mwezi wa nne ukaacha kutabasamu. Sakafu ina alama mpaka leo. Kwa hiyo ubao mnene, vishikio visiachane sana, kila sentimita 60 hivi kwa vitu vizito, na vizito vikae chini vyepesi juu, sio kwa sababu ya urembo.

Na kuna dirisha. Shelfu wazi mara nyingi inaishia mkabala na dirisha maana ndo ukuta uliobaki, sasa makopo yenye michoro, karatasi, vitambaa, ngozi, bakelaiti, vyote vinapauka. Bakelaiti, ile plastiki ngumu ya kahawia ya redio na simu za zamani, aliyoigundua Leo Baekeland mwaka 1907, jua linaiondolea mng'ao inabaki kama mti mkavu na hakuna mafuta ya kuirudisha kikweli. Makumbusho yanaweka vitu vya karatasi na vitambaa kwenye mwanga wa laksi 50 hivi (laksi ni kipimo cha mwanga), jua la nje mchana linafika laksi 100,000, kwa hiyo hata sehemu ndogo ya jua hilo ikipitia dirishani ni nyingi mno. Na mwanga haurudishi ulichochukua, ukikihamishia gizani kinaacha kupauka tu, rangi imeshaondoka. Simba wangu wa kwenye kopo alikuwa wa njano nilipompata, sa hizi upande mmoja ni wa maziwa. Nimemgeuza.

Vumbi dhidi ya hewa, basi ndo hivo

Ukibana maneno yote, kabati na shelfu vinapigania vumbi na hewa. Kabati linakupa bila vumbi, linakunyang'anya hewa. Shelfu kinyume chake. Kwa nyumba kavu, kabati linashinda mara nyingi. Kwa nyumba yenye unyevu nasema bila kusita shelfu wazi, kwenye ukuta wa ndani, mbali kidogo na ukuta, maana kabati lililosukumwa mpaka kwenye ukuta wa nje wenye baridi linaota ukungu mgongoni na hutaliona mpaka siku ya kuhama. Sentimita tano za nafasi nyuma yake zinabadilisha kila kitu.

Kuna jamaa anaweza kusema weka vile vipakiti vya kunyonya unyevu ndani ya kabati. Vinafanya kazi, ila kabati liwe limebana kweli, na vikishiba vinakuwa mapambo, inabidi uvikaushe kwenye oveni na urudishe. Makabati mengi ya zamani yana nyufa unazopitisha kidole, vipakiti pale vinajaribu kukausha nyumba nzima.

Ukutani

Ukuta ni rafiki wa vitu bapa, sahani, vibao vya matangazo vya enameli, ramani, misumeno, funguo kubwa, vioo, fremu. Hauli nafasi ya sakafu na kwenye nyumba yenye dari ndefu una eneo la bure mpaka juu. Hapa mfano wa kuiga ni nyumba ya Sir John Soane pale London, msanifu majengo aliyejaza nyumba yake vipande vya mawe, sanamu na picha mpaka mwaka 1833 bunge likapitisha sheria ya kuihifadhi kama ilivyo baada ya kifo chake, akafa 1837. Kwenye chumba chake cha picha kuta zinafunguka kama milango ya kabati, zina picha mbele na nyuma, na nyuma yake kuna picha nyingine tena, chumba kidogo tu kinabeba picha ambazo zingehitaji ukumbi. Sisemi ujenge hivo. Ila mlango wa chumba usio na kazi, upande wake wa nyuma, ni ukuta ambao hujauhesabu.

Tatizo ni kilichomo ndani ya ukuta. Nyumba kuukuu nyingi zina plasta ya chokaa, pengine imeshikiliwa na fito za mbao, ukigonga msumari kwa nyundo unasikia mchanga unamwagika kwa ndani na plasta inaachana na fito kimyakimya. Tumia drili, taratibu, bila kugongesha, na kitu kizito kitafutie nguzo ya mbao au jiwe lenyewe. Kabla hata ya drili fikiria rangi. Rangi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, Marekani waliipiga marufuku kwenye nyumba mwaka 1978 na Uingereza kuuzia watu wa kawaida iliisha mwaka 1992, kwa hiyo kuta za kabla ya hapo vumbi lake sio la kuvuta. Kuna vijiti vya kupimia, vinabadilika rangi. Lowanisha sehemu unayotoboa, vaa barakoa ya vumbi laini, watoto wakae mbali. Kama plasta au dari ni ya aina inayoweza kuwa na asbesto, usitoboe, muite anayejua.

Ukikuta nyumba yako ina ule ubao mwembamba unaozunguka chumba chini kidogo ya dari umebahatika. Nyumba nyingi za Uingereza na Marekani za mwisho wa miaka ya 1800 mpaka miaka ya 1930 ziliwekewa makusudi, unaning'iniza ndoano na waya, unahamisha unavyotaka, hakuna tundu hata moja. Ubonyeze kwanza uone umeshikwa na nini, usije ukatundika kioo cha kilo 15 kwenye gundi ya miaka mia.

Sahani sasa. Vile vishikio vya waya vyenye springi vinabana sahani masaa ishirini na nne, sahani yenye ufa mdogo usiouona inaendelea kupasuka, tafuta vyenye ncha zilizofunikwa plastiki na saizi isiyobana. Vile vya kubandika nyuma kwa gundi ya maji ni vizuri kwa sahani nzima, lakini kwenye sahani yenye ung'avu uliochanikachanika au dhahabu inayobanduka usithubutu, siku ya kukitoa utatoka na ngozi ya sahani.

Picha na ramani kwenye ukuta wa nje zibandikie vipande vya koki (ile ya vizibo vya chupa) nyuma kwenye kona nne za fremu ili hewa ipite. Dakika tano. Mi nilipoteza ramani moja nzuri kwa sababu ya dakika tano hizo, ukungu ulipanda kutoka nyuma ukatengeneza visiwa vipya baharini.

Na kama una kipimahewa cha zamani cha zebaki, kile kirefu cha mbao, hicho makazi yake ni ukutani, kimesimama, na usikilaze wala kukihamisha kienyeji, zebaki ikimwagika kwenye nyufa za sakafu ya mbao ni shida ya kweli.

Kwa zamu

Hii njia ya nne watu wanaiona kama kushindwa ila kwangu imeokoa ndoa. Unaonyesha theluthi moja, theluthi mbili ziko ndani ya masanduku, kila baada ya miezi minne unabadilisha. Vitambaa na karatasi vinapata likizo ya mwanga, chumba kinapumua, na kitu ulichokuwa umeshakizoea kinarudi kama kipya. Masanduku yasikae darini wala chini ya ardhi, huko ndo joto na unyevu vinakoishi, chini ya kitanda ni bora. Usifunge na magazeti, wino na asidi vinahamia, tumia karatasi nyembamba isiyo na asidi. Vitu vya sufu, manyoya au ngozi vikiingia nyumbani mara ya kwanza visiende moja kwa moja kwenye sanduku, vifunge kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, weka kwenye friza nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, alafu uache vipate joto humohumo ndani ya mfuko ndo ufungue. Nondo na mayai yake kwisha. Ila usigandishe vitu vya mbao vilivyopakwa rangi, wala kioo, wala mchanganyiko wa vitu vilivyogundishwa.

Ubaya wake ni mmoja, unasahau. Andika kwa penseli laini kwenye kadi, ulikipata wapi, lini, aliyekuwa nacho alisema nini, kadi ikae na kitu. Mkono wangu wa glovu sikuandika, na sa hizi nikisimulia ulikotoka nasikia mwenyewe kwamba hadithi inazidi kunoga kila mwaka.

Kuvitumia tu

Njia ya tano. Kalibu ya fundi viatu inazuia mlango wa chumba cha wageni usijifunge na upepo, imefanya kazi hiyo miaka sita na haitachakaa kabla yangu. Pasi ya mkaa ni kishikio cha vitabu. Cherehani ya mkono inashona, mafuta kidogo tu, na za Singer namba iliyogongwa kwenye mwili inakuambia mwaka ilipotengenezwa.

Ila vingine visitumike. Redio ya valvu, ile ya zamani yenye mirija ya kioo ndani, usiichomeke ukutani ati ujaribu, kapasita zake za karatasi (vile vihifadhi umeme vidogo) zimeshakufa na zikipata umeme zinaweza kuwaka moto, na hata ikichomolewa inaweza kubaki na umeme wa kukurusha. Mpelekee fundi. Saa zenye namba zilizokuwa zinang'aa gizani, zile za kati ya miaka ya 1910 na 1960 hivi, nyingi zilipakwa rangi yenye radi (sio ya mvua, ni radium, madini yenye mionzi), rangi imeacha kung'aa ila radi haijaacha kitu, inachukua miaka 1,600 kupungua nusu. Ikiwa imefungwa na kioo chake kizima iweke kwenye chumba usicholala, usiifungue kuisafisha, ukiona kioo kimevunjika na unga unamwagika usiipulize. Hii ndo saa yangu isiyotembea, na ndo maana haitatembea. Glasi za urani zenyewe, zilizotiwa madini ya urani ambayo nayo yana mionzi, zile za kijani hafifu zinazowaka kama kitu cha sinema ukizimulika kwa taa ya urujuanimno (UV), hatari yake ni ndogo mno, hizo weka kabatini na uzime taa wageni wakija, usizitumie tu kunywea kila siku.

Kwa hiyo upi

Una vitu vidogo vingi, fedha, glasi, vifungo, nyumba kavu, na hupendi kufuta vumbi, chukua kabati, la chuma au la mbao nzee iliyokwisha kutoa harufu, pamba chini, LED, nta kwenye vitako. Una vyuma, mashine, vitu vya kushikwa, na nyumba yenye unyevu kiasi, shelfu nene kwenye ukuta wa ndani usiotazama dirisha. Una vitu bapa na dari ndefu, ukuta, lakini ukuta ulioupima. Una nguo na karatasi, kwa zamu, hata kama roho inauma. Una seluloidi, peke yake, wazi, mbali na moto, na mbali na kila kitu unachokipenda.

Na kama una kila kitu, kama mimi, usitafute jibu moja. Mi nina shelfu tatu, kabati moja dogo la glasi na fedha tu, sahani saba ukutani na masanduku manne chini ya kitanda. Kosa langu kubwa lilikuwa kutaka vyote vikae pamoja kwa sababu pamoja vilipendeza, na vilipendeza kweli, mwezi mmoja.

Jino ndo limebaki. Kabatini halienei, kwenye shelfu linawafunika wenzake, ukutani plasta haitalibeba na hata ingelibeba nani anataka kulala chini ya jino. Kwa sasa limekaa kwenye kiti cha mwisho mezani, na wageni wameanza kulisalimia.